Swali linapopanda kumbukumbu

Chukua maneno ambayo mtoto yeyote wa pwani anayafahamu: ngalawa, nyavu, wimbi, pweza, chumvi, nanga, dau, kasa, tumbawe, ndoana, mchanga, mkondo. Msomee mtu mzima neno moja baada ya jingine, mshughulishe na jambo jingine kwa dakika chache, kisha mwombe ataje aliyoyasikia. Usishangae akikutajia "bahari", tena kwa yakini, ilhali neno hilo halikutamkwa hata mara moja. Jaribio la namna hii lilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani James Deese mwaka 1959, likafufuliwa mwaka 1995 na Henry Roediger na Kathleen McDermott. Hao wawili walikuta kwamba neno lisilotamkwa lilikumbukwa kwa kiwango cha asilimia 40 katika jaribio lao la kwanza na asilimia 55 katika la pili. Waliojaribiwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, vijana wasio na tatizo lolote la akili. Walichokihifadhi kilikuwa maana ya jumla ya yale waliyoyasikia, na walipoulizwa waliyajenga upya maneno kutokana na maana hiyo. Kumbukumbu ya uongo ilizaliwa katika ujenzi huo, na mwenye nayo hakuwa anadanganya.

Nimeanza na watu wasio na usonji kwa makusudi. Katika mji wa Tanga na vijiji vya Pangani, Muheza na Mkinga, mtu mzima mwenye usonji anapoulizwa jambo lililotokea huwa ameshahukumiwa kabla ya kufungua kinywa. Hukumu ya kwanza ni kwamba hana kumbukumbu: huyu ni zezeta, hajui asemalo, muulizeni mama yake. Hukumu ya pili inapinga ya kwanza, lakini nayo ina mashabiki wengi: kwamba kichwa chake kinapiga picha, hasahau kitu, na akisema jambo basi ndivyo lilivyokuwa. Wanaoshikilia hii ya pili wana sababu. Wamemwona kijana aliyehifadhi juzuu nzima madrasa bila kukosea irabu, au anayejua namba ya kila daladala inayopita mtaani kwake. Nadhani hukumu zote mbili zimekosea, na zinakosea mahali pamoja. Zote zinaichukulia kumbukumbu kuwa mali iliyo ndani ya kichwa cha mtu, nzima au mbovu, na zinamsahau anayeuliza. Ninavyousoma ushahidi uliopo, mtu mzima mwenye usonji hapati kumbukumbu za uongo kwa sababu kichwa chake ni kibovu. Anazipata kwa njia zilezile za binadamu wote, na tofauti kubwa inaonekana katika namna anavyoulizwa.

Tuanze na ushahidi huo. Mwaka 2000 zilitoka tafiti mbili zilizotumia orodha za maneno kama hiyo ya juu kwa watu wazima wenye usonji ambao lugha na akili yao ilikuwa ya kawaida. Ya kwanza, ya David Beversdorf na wenzake wa Marekani, ilikuta kwamba waliweza kulitambua na kulikataa neno lisilotamkwa vizuri kuliko wenzao wasio na usonji. Ya pili, ya Dermot Bowler na wenzake wa London, ilikuta kwamba walinaswa sawa na watu wengine. Matokeo haya hayafanani, lakini hakuna kati ya hayo mawili linalounga mkono dhana kwamba mtu mwenye usonji huzua zaidi. Kama tofauti ipo, huenda ikawa upande wa faida yake. Wapo wanaoeleza hivi: mtu anayeshika vipande vya jambo kuliko umbo lake la jumla hana mvuto mkubwa wa kulijaza pengo kwa maana ya jumla. Uta Frith aliitetea nadharia ya aina hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1989, na ingawa imerekebishwa sana tangu hapo, inatosha kutuonyesha kwa nini kosa la "bahari" si ugonjwa wa usonji.

Mahali penye udhaifu ni pengine, na hapo ndipo panapostahili kutazamwa kwa muda. Mbali na kukumbuka jambo, tunapaswa kukumbuka lilikotoka: nililiona mwenyewe, niliambiwa, nililiota, nililisoma, au nililifikiria tu nikiwa nimelala? Mwaka 2004 Bowler na wenzake walichapisha utafiti kuhusu uwezo huo kwa vijana na watu wazima wenye usonji. Walipotakiwa kutaja wenyewe, bila msaada, chanzo cha walichokumbuka, walishindwa zaidi ya wenzao. Walipowekewa vyanzo mbele yao wachague, tofauti ilitoweka. Matokeo haya ndiyo nguzo ya hoja yangu yote. Taarifa ya chanzo ilikuwa kichwani, haikupotea, ila haikutoka bila kushikwa mkono. Bowler alilijengea jambo hili nadharia inayosema kwamba kumbukumbu ya mtu mwenye usonji hufanya kazi vizuri pale swali lenyewe linapobeba msaada, na hudhoofika pale anapoachiwa uwanja mtupu. Kabla ya hapo, yeye na wenzake walikuwa wameonyesha pia kwamba watu hao, wanapolitambua jambo, husema "najua lilikuwapo" mara nyingi zaidi, na "najiona nikilishuhudia" mara chache zaidi, kuliko wenzao. Ndiyo maana yule hafidhi wa madrasa asitupotoshe. Kuhifadhi aya ni kujua maandishi. Kukumbuka kwamba jana alasiri nilikuwa Barabara ya 8 Ngamiani, kwamba niliyemwona ni fulani, na kwamba nilimwona mimi wala sikusimuliwa na shangazi, ni kazi nyingine kabisa ya akili, na ustadi katika moja si dhamana ya nyingine.

Sasa mfikirie mtu wa miaka 30 ambaye kumbukumbu zake nyingi za utotoni zimesimuliwa na watu wa nyumbani kwa miaka mingi. Kila mgeni akija, kisa kinarudiwa: alipotea sokoni Mgandini, akapatikana magharibi, alikuwa analia. Kila marudio yanakifanya kisa kizoeleke, na kinachozoeleka huonekana kama kilichoshuhudiwa. Sote tunavyo visa vya aina hii, lakini mtu ambaye kulitaja chanzo bila msaada ni kazi ngumu kwake ana silaha chache za kusema: hili sikulikumbuka, hili niliambiwa. Na kama maelezo ya tabia yake yametoka kwa mganga aliyepiga ramli na kusema mahali alipokanyaga kitu au siku alipoingiwa na jini la bahari, maelezo hayo nayo yanaweza kuingia katika maisha yake kama tukio lililotokea. Sisemi haya ili kuwashambulia waganga wala akina mama. Wanaosimulia wanafanya hivyo kwa mapenzi, na mara nyingi ndio pekee waliobaki naye. Lakini mapenzi hayazuii chanzo kuchanganyika.

Hata wataalamu wenye nia njema walifanya kosa hili kwa kiwango kikubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilienea Marekani njia ya mawasiliano ambapo msaidizi alishika mkono au kiwiko cha mtu mwenye usonji asiyezungumza ili achape herufi. Yalitoka masimulizi ya kushangaza, yakiwamo madai mazito ya kudhulumiwa kingono na wazazi. Mwaka 1993 yalichapishwa majaribio yaliyofanywa katika kituo cha O.D. Heck, jimbo la New York, kwa watu 12 wenye usonji: msaidizi na anayesaidiwa walionyeshwa picha, mara nyingine picha tofauti bila kujua. Majibu yalipochapwa yalikuwa ya kile alichokiona msaidizi. Wasaidizi hawakuwa matapeli. Waliamini kabisa kwamba maneno hayakuwa yao. Familia ziliumia, na wenye usonji waliumia mara mbili, kwa sababu walivikwa kumbukumbu za watu wengine huku sauti yao wenyewe ikizimwa. Hapa kwetu kushika mkono si lazima. Inatosha kaka au mama kujibu kwa niaba yake, naye akaitikia kwa kichwa.

Kuitikia huko ndiko kunakonitia wasiwasi kuliko yote. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonyesha watu filamu fupi ya magari yaliyogongana. Kundi moja waliuliza magari yalikuwa na mwendo gani "yalipogongana", na jingine "yalipobamizana na kusagika". Wiki moja baadaye waliuliza kama kulikuwa na vioo vilivyovunjika. Vioo havikuwapo. Katika kundi la kitenzi kizito asilimia 32 walisema viliwapo. Katika lile la kitenzi chepesi, asilimia 14. Kitenzi kimoja tu kilitosha kuwafanya watu wakumbuke vioo. Maswali yetu ya kila siku yana uzito kuliko kitenzi hicho, kwa sababu tuna tabia ya kulimalizia swali kwa "sivyo?" au "si ndiyo?", na adabu ya pwani haimpendi kijana anayemjibu mkubwa "hapana" mkavu. Mtu mwenye usonji aliyelelewa Tanga amefundishwa adabu hiyo kwa kukariri, pengine kwa ukali zaidi kuliko ndugu zake, maana walezi walitaka watu wamwone ana heshima. Mwaka 2008 A. S. North, Ailsa Russell na Gisli Gudjonsson waliwapima watu wazima wenye usonji nchini Uingereza kwa vipimo vinavyotumika katika mahojiano ya polisi. Hawakuonekana kupotoshwa na maswali zaidi ya wengine. Walichozidi, kwa maelezo yao wenyewe, ni utiifu: mwelekeo wa kukubali ili kumridhisha anayeuliza au kuepuka ugomvi. Tofauti hii ni kubwa. Mtu anayesema "naam" ili yaishe bado anajua moyoni kwamba halikuwa hivyo. Lakini "naam" ikishaandikwa, ikasomwa mbele yake, ikarudiwa na ndugu, ikaulizwa tena mwezi ujao, atakuwa amelisikia jambo hilo mara nyingi kutoka vinywa vingi, na kukumbuka kwamba lilianzia katika swali la mtu mwingine ndiko kunakomshinda.

Atakayesema kwamba haya ni matatizo ya watu wachache wenye hali maalumu akumbuke mwaka 1995, ng'ambo ya mkondo wa Pemba. Katika miezi iliyotangulia uchaguzi wa kwanza tangu mfumo wa vyama vingi urejeshwe, habari za popobawa, jini linalosemekana kuwavamia watu usiku, zilianzia Pemba, zikavuka hadi Unguja, kisha zikaingia bara. Watu wazima, wengi wao wenye akili timamu, walieleza usiku walioupitia, na maelezo yao yalifanana kadiri habari zilivyosambaa. Baadhi ya watafiti wanaona hapo jinamizi lile la kuamka huku mwili haujiwezi, likijazwa maumbo na mazungumzo ya barazani. Sijali hapa kama mtu anaamini popobawa au haamini. Ninachokiona ni jinsi mazungumzo yanavyompa mtu maneno ya kujazia alichokipata gizani, na ni nani aliyelipa gharama: Unguja, kundi la watu lilimuua mtu mwenye maradhi ya akili kwa kumshuku kuwa ndiye. Waliokuwa na yakini walikuwa wengi, na aliyeonekana tofauti akawa ndiye mshukiwa.

Mahakama zetu hazikuhitaji maabara za London kulijua hili. Mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina zote, na kwamba usitegemewe mpaka uwezekano wote wa makosa uwe umeondolewa. Majaji waliuliza kulikuwa na mwanga wa namna gani, umbali kiasi gani, shahidi alimtazama mtu kwa muda gani. Waliyachunguza mazingira ya kuona. Ninachotaka kiongezwe ni mazingira ya kuuliza. Na hapa panatokea pingamizi zito kuliko yote, linalosemwa hasa na wanaowatetea wanawake na wasichana wenye ulemavu: ukiwafundisha mawakili kwamba kumbukumbu hupandwa, umewapa wabakaji mwanya; kila mlalamikaji mwenye usonji ataambiwa kwamba amepandikizwa. Hofu hii ni ya haki, kwa sababu watu wenye ulemavu wa akili na mawasiliano hulengwa na wahalifu hasa kwa kuwa inadhaniwa hawataaminiwa. Lakini ushahidi unaelekea upande wa kuwalinda. Mwaka 2011 Katie Maras na Bowler waliwapa watu wazima wenye usonji taarifa potofu baada ya kushuhudia tukio, nao hawakupotoshwa kuliko wenzao. Katika mahojiano ya kawaida, yasiyo na mbwembwe, usahihi wao ulikuwa sawa na wa watu wengine. Basi hakuna msingi wa kumshushia shahidi thamani kwa sababu ya usonji wake. Kanuni ya shauri la Goodluck Kyando la mwaka 2006, kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa mpaka ipatikane sababu ya msingi ya kutomwamini, inamhusu naye kikamilifu. Wakili anayetaka kudai kwamba kumbukumbu imepandwa na aonyeshe swali lililoipanda. Kutokukutazama machoni, sauti isiyopanda wala kushuka, kujibu baada ya kimya kirefu, hayo si maswali wala si ishara za uongo, na hakimu anayepima mwenendo wa shahidi kizimbani angefanya vyema kuyaweka kando.

Kuna jambo jingine kuhusu kuuliza ambalo lingewashangaza hata maofisa makini. Miaka ya 1980 Wamarekani Ronald Fisher na Edward Geiselman walibuni mahojiano yanayomtaka shahidi afumbe macho, ajirudishe kwa mawazo mahali pa tukio, alitazame upya kwa macho ya mtu mwingine. Kwa mashahidi wengi husaidia sana. Maras na Bowler walipoyajaribu kwa watu wazima wenye usonji mwaka 2010, usahihi wao ulishuka. Kumwambia mtu ajione pale, au ajiweke katika macho ya mwingine, ni kumpa kazi inayomwelemea na kumwalika abuni. Lakini katika utafiti mwingine, waliporejeshwa kimwili katika chumba kilekile tukio lilimofanyika, tofauti kati yao na wengine ilitoweka. Mbinu ambayo Maras na wenzake waliipima mwaka 2020 ni rahisi vilevile: kabla ya kusimulia chochote, shahidi anaombwa aligawe tukio katika sehemu zake mwenyewe, kwa maneno yake mwenyewe, kisha anaulizwa sehemu moja baada ya nyingine bila kuruka. Wote walikumbuka zaidi na kwa usahihi zaidi, wenye usonji na wasio nao. Ofisa wa dawati la jinsia na watoto, au wa ustawi wa jamii, anaweza kumpeleka mtu hadi kituo cha daladala lilikotokea jambo, asimame naye pale, na kusema: nieleze sehemu ya kwanza.

Naukubali udhaifu mmoja wa hoja hii. Tafiti nilizozitaja zimefanywa Uingereza na Marekani, kwa makundi madogo, kwa watu wanaozungumza vizuri na waliopimwa na madaktari. Mtu mzima mwenye usonji wa Tanga kwa kawaida hana cheti. Usonji uliandikwa kwa jina hilo kama hali ya peke yake na Leo Kanner mwaka 1943, na aliyezaliwa Pangani mwaka 1980 alikua wakati karibu hakuna mtu jirani yake aliyelijua. Lushoto ipo shule ya Irente Rainbow kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji, lakini shule ni ya watoto, na mtoto huyo akifikisha miaka 25 hutoweka machoni pa taasisi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Mkoa wa Tanga ulihesabiwa kuwa na zaidi ya watu milioni 2.6 katika sensa ya 2022, hivyo kama kiwango hicho kinashika na huku, wapo takriban elfu ishirini, wengi wao bila jina la hali yao. Kwa hiyo haitoshi kusema mahojiano ya uangalifu yatolewe kwa mwenye cheti. Yanafaa kwa kila shahidi anayejibu kwa shida, na tumeona kwamba hayamdhuru asiye na usonji. Kuhusu wale wasiozungumza kabisa, sayansi imewachunguza kidogo mno. Hilo linaongeza sababu ya kutowasemea.

Litakuja jibu kwamba polisi wana kazi nyingi na mikono michache, na ni kweli. Basi nataja badiliko moja lisilohitaji fedha. Maelezo ya shahidi huandikwa na ofisa kama hadithi inayotiririka, "mimi nilikuwa, mimi niliona", na maswali yaliyoyatoa maneno hayo hayaonekani kwenye karatasi. Msomaji wa baadaye, awe mwendesha mashtaka, wakili au hakimu, hawezi kujua kama "niliona kisu" lilikuja lenyewe au lilikuja baada ya "alikuwa na kisu, sivyo?". Shahidi anapokuwa mtu mwenye usonji, au mtu anayeonekana kuwa hivyo, swali liandikwe pamoja na jibu, kwa maneno yaleyale yaliyotumika, pamoja na jina la kila aliyekuwapo chumbani na kila aliyejibu kwa niaba yake.